Msiba wa Nandi

Kwetu Songea jina la Shaka halikuwa la kitabuni tu. Kundi la Zwangendaba lilikimbia kusini baada ya Shaka kumshinda Zwide, likavuka mto Zambezi mwaka 1835, na vizazi vyao vikaja kuwa Wangoni wa Ruvuma. Wazee walimtaja Shaka kama simba. Hakuna aliyeniambia kwamba simba huyo alikuwa mtoto wa mama.

Nalitumia neno hili kwa maana ya mtaani: mwanamume mzima ambaye moyo wake haujatoka jikoni kwa mama. Mimi ni kitinda mimba, ninampigia mama simu kila asubuhi kabla ya chai, na mke wangu ameshazoea. Kwa hiyo habari za Shaka na Nandi siwezi kuzisoma kama za mtu baki.

Nandi alikuwa binti wa Walangeni. Alipata mimba ya Senzangakhona, mkuu wa Wazulu, kabla ya ndoa. Inasimuliwa kwamba ujumbe ulipofika kwa Wazulu, wazee walijibu kuwa hiyo si mimba, ni mdudu wa tumboni, ishaka. Mtoto akabaki na jina la dharau ile. Baadaye mama na mwana walifukuzwa, wakarudi kwa Walangeni ambako nako walisimangwa, mpaka walipopata hifadhi kwa Wamthethwa wa Dingiswayo. Mtoto aliyelelewa hivyo hadekezwi. Anashikana na mama kwa sababu hana ukuta mwingine wa kuegemea.

Mwaka 1816 Shaka alitwaa ukuu wa Wazulu, na miongoni mwa wa kwanza kuadhibiwa walikuwa waliomtesa mama yake. Hakuoa rasmi wala hakumtambua mtoto yeyote. Nandi akawa mama wa nchi.

Alifariki Oktoba 1827. Mfanyabiashara Mwingereza Henry Francis Fynn, aliyekuwepo, aliandika kwamba watu wapatao 7,000 waliuawa katika vurugu za maombolezo. Ikapigwa marufuku kulima na kunywa maziwa. Mwanamke atakayeonekana na mimba mwaka ule auawe pamoja na mumewe. Ng'ombe walichinjwa ili hata ndama waonje kufiwa na mama.

Idadi ile naitilia shaka. Mwaka 1832 mwenzake Fynn, Nathaniel Isaacs, alimwandikia barua akimshauri awachore wafalme wa Wazulu kama wauaji wakatili kadiri iwezekanavyo, na wote wawili walikuwa na tamaa ya ardhi ya Natal. Isitoshe, yapo masimulizi ya Wazulu yanayodai kwamba Shaka mwenyewe ndiye aliyemuua Nandi. Msiba wa mfalme una manufaa ya kisiasa pia: asiyelia vya kutosha hujulikana kuwa adui. Lakini hata tukipunguza chumvi yote, masimulizi ya pande zote mbili yanakubaliana kwamba nchi nzima ililazimishwa kufiwa na mama wa mtu mmoja.

Linalonigusa zaidi ni jina lisilotajwa sana, Gala wa ukoo wa Biyela. Masimulizi yanasema alimwendea Shaka akamwambia kwamba anaiua nchi yake mwenyewe, atakuja kumtawala nani. Nandi si wa kwanza kufa, basi aweke jiwe tumboni, yaani ajikaze. Wote walitazamia Gala auawe. Shaka alimpa ng'ombe, akawageukia washauri wake na kuwauliza kwa nini hawakumwambia mapema.

Swali hilo ndilo msiba wenyewe. Mwanamume aliyeweza kuamuru majeshi alikuwa akisubiri mtu wa kumwambia inatosha, na kwa kuwa kila mtu alimwogopa, alisubiri muda mrefu mno. Septemba 1828, hata mwaka haujatimia, ndugu zake wa baba Dingane na Mhlangana walimuua.

Ndiyo maana sioni aibu kwa mwanamume kumpenda mama hadi uzeeni. Hatari ni kumfanya mama kuwa ukuta pekee, kisha ukiwa na nguvu, ukuta huo ukiporomoka, kuwaangushia wengine matofali. Mke wangu hanicheki kwa simu zangu za asubuhi. Ila amenionya kwamba siku ikifika atanipa siku zangu za kulia, kisha atakuja kuniambia inatosha. Nimemwomba asiniogope.