Kurejelea na Kurejelewa

Wasifu wa mtafiti wa ubongo una mstari mmoja unaomtoa mfasiri jasho. Jina halina tabu, shahada nazo ni nyepesi, idadi ya makala alizochapisha inaandikika. Kisha zinakuja tarakimu za mara ambazo makala hizo zimetajwa katika kazi za watafiti wengine, na hapo kalamu inasimama. Wanafunzi wa Makerere hawapotezi usingizi: wanasema fulani “amesaitiwa” sana, basi, wanaendelea na chai yao. Anayetaka Kiswahili cha kuchapishwa lazima atafute neno.

Wengi hukimbilia “nukuu”. Nukuu ni maneno ya mtu yaliyochukuliwa kama yalivyo na kufungiwa alama. Sasa tazama kazi iliyofanyika hapa Kampala, katika hospitali ya Mulago. Mwaka 2008 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, ile ambayo mitaani tunasema imepanda kichwani. Miaka miwili baadaye, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika angalau eneo moja la utambuzi, kama vile kumbukumbu au umakini. Kwa watoto wa jamii ileile ambao hawakuugua, ni asilimia 7.6 tu. Mtafiti wa Blantyre au Kilifi akiandika kwamba athari za ugonjwa huu hubaki hata homa ikishaisha, ataweka majina ya waandishi wale na mwaka. Hajanukuu hata neno moja lao. Amewarejelea.

Kwa hiyo neno ninalolitetea ni “rejelea”, na sababu yangu kubwa iko kwenye kitenzi chenyewe. Kiingereza kina nomino moja, “citation”, kwa pande zote mbili: ile ninayoiweka mimi katika makala yangu, na ile ninayoipata kutoka kwa wenzangu. Sisi tunatenganisha bila kuhangaika. Mtu wa Kilifi amerejelea. Wa Mulago amerejelewa. Anachoweka wa kwanza ni rejeleo, na kinachohesabiwa kwa wa pili ni urejelewaji, neno lililoundwa kama utumiwaji na ufundishwaji. Ni refu, nakubali, lakini halimchanganyi msomaji na ile orodha ya marejeo mwishoni mwa kitabu.

Waganda wana njia nyingine, nayo ilinivuta. Kwa Kiganda kurejelea ni okujuliza, na omujulizi ni shahidi: ukimtaja mwandishi, umemwita kizimbani akushuhudilie. Picha hiyo iko karibu na historia kuliko mtu anavyodhani. Eugene Garfield, Mmarekani aliyeanza kuchapisha faharasa kubwa ya marejeleo ya kisayansi katika miaka ya 1960, aliuchota mfano kwa wanasheria wa kwao, waliokuwa na vitabu vya kuonyesha kila kesi imetajwa katika kesi zipi za baadaye. Hata hivyo “shahidi” linabana. Makala hurejelewa pia na anayetaka kuibomoa, na mashine ya kuhesabu haijui sifa wala matusi. Yote kwake ni moja. Kurejelea hakumlazimishi mtu kukubali.

Kutoka hapo tunafika kwenye kipimo kinachojulikana kwa herufi h, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtafiti mwenye makala 30, ambazo 12 kati yake zimerejelewa angalau mara 12 kila moja, na hana 13 zilizofikisha 13, h yake ni 12. Wapo wanaoiita “faharasa h”. Faharasa kwa msomaji wa kawaida ni orodha ya maneno nyuma ya kitabu, kwa hiyo mimi nasema “kipimo cha h”. Na mchango wa jumla wa urejelewaji huo nisingeuita “athari”. Athari tumezoea kuzisikia kwenye mafuriko na sumu, kama nilivyolitumia neno hilo kwa malaria hapo juu. “Uzito” unatosha.

Uzito huo nao una mambo yake. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, na kwa msaada wa mkalimani akawatembelea akina mama wa familia 26 katika vijiji vya karibu, kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila ziara, akitazama jinsi mtoto mchanga anavyoshikamana na mama yake. Kitabu cha kazi hiyo, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967. Lakini kinachorejelewa kila mahali ni kile cha mwaka 1978 alichoandika na wenzake, kilichotokana na watoto wa Baltimore, Marekani, ingawa wazo lilianza kuiva kwenye sebule za Buganda. Wanaorejelea hawakukosea. Wamerudi pale walipopata jedwali na mbinu ya kupimia.

Ule mstari wa wasifu nimeufasiri mwishowe kwa kitenzi, na nomino nikaiacha: “Makala zake zimerejelewa na watafiti wenzake mara,” kisha tarakimu, “na kipimo chake cha h ni,” kisha tarakimu ya pili, pamoja na tarehe ya siku zilipohesabiwa, kwa kuwa kesho zitakuwa nyingine.