Email yako ni ya nani?

Wasee wa Saboti, wazazi wetu walitumia sanduku la posta, Kitale 30200. Ukirudisha ufunguo, anwani imeenda. Africa Online, iliyoanzishwa 1994 na Wakenya waliosomea Marekani, ilileta email kwa mtindo huohuo: anwani ilibeba jina la kampuni. Ukihama, unaanza upya. Gmail ikaja 2004 na gigabaiti 1 ya bure, tukasahau hilo swali. 2006 Google ikaanza kupokea email za domeini za watu bure. Desemba 2012 ikawafungia wapya mlango wa bure. Aliyekuwa na domeini yake angeweza kuhama na anwani yake.

Kwa hivyo chukua .me.ke yako, ilipie kila mwaka. Ukihamia kwa wingu, badilisha rekodi za MX, lakini email za zamani hazijihamishi: zinakili kabla hujafunga kule ulikotoka. Seva panga tu. Jina lishike.