Jembe, Mvua na Mita Mia: Kupanga Msimu wa Mkimbiaji Shinyanga na Geita

Mbio fupi ni mbio za mita 100, 200 na 400, pamoja na zile za kupokezana vijiti. Msimu wa mazoezi ni miezi ambayo mkimbiaji huandaliwa ili kasi yake ifike kileleni siku iliyokusudiwa, si kabla wala baada. Kwa vijana wengi wa Shinyanga na Geita, siku hiyo ni fainali ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi au ya UMISSETA kwa sekondari, mashindano ambayo kwa kawaida hufanyika katikati ya mwaka. Mwalimu wa michezo wa huku hapangi msimu kwa saa na kipenga peke yake. Mvua ina nafasi yake kwenye daftari, jembe pia, na jirani na machimbo hata sururu.

Kasi inavyopatikana

Mkimbiaji wa mita 100 huchomoka, huongeza kasi hatua kwa hatua, hufikia kasi yake ya juu, kisha huanza kupungua. Hakuna anayekwepa kupungua huko. Usain Bolt alipoweka rekodi ya dunia ya sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, mita 20 zake za haraka zaidi zilikuwa kati ya mita 60 na 80, alizozimaliza kwa sekunde 1.61. Mita 20 za mwisho zilimchukua sekunde 1.66. Anayeonekana "kuongeza gia" mwishoni, mara nyingi ni yule tu aliyepungua kidogo kuliko wenzake.

Nishati ya mbio za namna hii hutoka kwenye akiba ndogo iliyomo ndani ya misuli, iitwayo fosfokreatini. Akiba hiyo huisha kwa sekunde chache na huhitaji dakika kadhaa kurudi. Ndiyo maana makocha wengi hufuata kanuni ya dakika moja ya mapumziko kwa kila mita 10 za kasi kamili. Aliyekimbia mita 60 kwa nguvu zote atembee na kusubiri dakika sita kabla ya kurudia. Akirudia baada ya dakika moja, mwili utajifunza kuvumilia, lakini hautajifunza kasi. Kati ya siku moja ya kasi na nyingine, saa 48 ni kiasi kinachofaa.

Kuhesabu kurudi nyuma

Mpango huanzia mwisho wake. Mwalimu huandika kwanza tarehe ya fainali, kisha huhesabu wiki kurudi nyuma hadi siku ya kwanza ya mazoezi. Fainali ikiwa katikati ya Juni, wiki 24 zinamrudisha mwanzoni mwa Januari, shule zinapofunguliwa. Njiani kuna ngazi za mchujo: shule, kata, wilaya, mkoa, ndipo taifa. Mtoto anatakiwa avuke ngazi za chini akiwa bado anajengwa, bila kukamuliwa. Kosa linalojirudia ni kuanza wiki mbili kabla ya mashindano ya kata na kukimbiza watoto kwa kasi kamili kila jioni. Matokeo yake ni misuli ya nyuma ya paja kuchanika, na msimu kuishia hapo.

Vipindi vinne

Ugawaji wa msimu katika vipindi ulipata umaarufu miaka ya 1960 kupitia maandishi ya Lev Matveyev wa Umoja wa Kisovyeti. Kwa kalenda ya Kanda ya Ziwa unaweza kukaa hivi:

*Maandalizi ya jumla (Januari na Februari).* Kukimbia taratibu, kuruka, mazoezi ya tumbo na mgongo, na mbio za kupanda mlima za mita 20 hadi 30. Geita ina vilima vingi, na Shinyanga ina miinuko ya mawe ya matale. Mlima humlazimisha mtoto kusukuma ardhi kwa nguvu huku ukimzuia kufikia kasi inayoweza kumuumiza.

*Maandalizi maalumu (Machi na Aprili).* Hapa kasi ndiyo somo lenyewe: kuchomoka mita 20, kisha 30, kisha 60, kwa marudio machache. Jumla ya mita 300 za kasi kamili kwa siku zinatosha kabisa. Anayekimbia mita 400 huongezewa mbio za mita 150 hadi 300.

*Mashindano (kuanzia mwishoni mwa Aprili).* Katika wiki mbili za mwisho kabla ya shindano kubwa, wingi wa mazoezi hupunguzwa karibu nusu, lakini ukali wake hubaki. Mtoto hukimbia mara chache, na kila mara kwa kasi kamili.

*Mpito (baada ya fainali).* Wiki tatu au nne za kupumzika na kucheza michezo mingine. Kwa darasa la saba, mtihani wa taifa wa Septemba huwa umekaribia.

Udongo na uwanja

Wasukuma huutambua udongo kwa majina, na majina hayo yanamfaa mwalimu wa riadha. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa hunasa mguu, ukikauka hupasuka nyufa zinazoweza kutegua kifundo. Luseni ni udongo wa kichanga unaopitisha maji, na saa chache baada ya mvua hukimbilika. Mvua za ukanda huu huanza karibu Novemba na kufika Mei, kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi huangukia kwenye tope. Njia ya mita 60 iliyochaguliwa vizuri kwenye luseni ina faida kuliko uwanja mzima wa mpira uliokaa mbugani.

Maandalizi yake hayana gharama. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwalimu hunyoosha kamba iliyopimwa, humwaga mstari wa majivu kwenye sifuri, 30 na 60, kisha hupita peku mwanzo hadi mwisho akitafuta kwa nyayo mawe na miiba. Mtoto hukimbia, hurudi akitembea, huketi chini ya mti. Mpita njia anaweza kudhani hakuna kazi inayofanyika.

Mzigo usioandikwa

Misuli haitofautishi uchovu wa mazoezi na uchovu wa kazi. Januari na Februari ni miezi ya palizi. Kuanzia Mei pamba huchumwa, wakati uleule mchujo unapopamba moto. Kwenye vijiji vya wachimbaji wadogo, wapo vijana wanaobeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, hadi kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Kazi ya machimbo ni hatari kwa mtoto na sheria inaikataza, achilia mbali zebaki inayotumika kukamatia dhahabu. Mwalimu mwangalifu huuliza kabla ya kupasha misuli moto: "Jana ulifanya kazi gani nyumbani?" Aliyeshinda shambani hapewi kasi siku hiyo. Hunyooshwa viungo na kufundishwa kupokea kijiti.

Chakula nacho kipo karibu. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, hutoa wanga. Dagaa wa Ziwa Victoria, karanga, choroko na maziwa ya mgando hujenga misuli. La muhimu zaidi kwa mtoto anayetembea mbali kwenda shule ni kutofanya mazoezi na njaa.

Kupima na kulinganisha

Saa ya mkononi hudanganya kidogo, kwa sababu kidole huchelewa kuibonyeza mbio zinapoanza. Kwa mita 100 huongezwa sekunde 0.24 ili kulinganisha na saa ya umeme, hivyo 11.0 ya mkononi ni kama 11.24. Upepo wa nyuma unaozidi mita 2 kwa sekunde haukubaliki kwenye rekodi. Tena, Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi humsaidia kidogo mwenye kasi.

Afrika Mashariki imekuwa na watu wa mbio fupi tangu zamani. Seraphino Antao wa Mombasa alishinda yadi 100 na yadi 220 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth mwaka 1962. Tarehe 18 Septemba 2021, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi na kuweka rekodi ya Afrika. Kabla ya riadha alikuwa mchezaji wa raga.

Kwa mwalimu mwenye kamba, majivu na saa moja, kipimo cha kweli ni ukurasa wa daftari: tarehe, muda wa mita 30, na safu ya tatu ya kazi ya jana. Muda ukiwa mbaya kwa siku mbili mfululizo, aisome kwanza safu ya tatu kabla ya kuongeza mazoezi.