Kelele za kokoto katika magari ya kale yaliyobadilishwa

Kelele za kokoto ni sauti zinazosikika ndani ya gari pale mawe madogo, changarawe, mchanga au vipande vya lami vinaporushwa na matairi na kugonga bati la chini ya bodi. Katika magari ya siku hizi sehemu kubwa ya sauti hizo humezwa na vifuniko vya plastiki au vya kitambaa kizito vilivyofungwa ndani ya uvungu wa madigadi. Magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yalitoka kiwandani bila vifuniko hivyo. Kati ya tairi na abiria palikuwa na bati, rangi, na pengine mpako wa lami uliozeeka pamoja na gari. Mwenye gari akishaliwekea matairi mapana, akalishusha na kulivua kapeti, kelele huzidi, na fundi hulazimika kurudisha kwa njia nyingine kile kilichoondolewa.

Sauti inavyotokea

Kwa aliyeketi ndani ya gari, uso wa tairi huzunguka kwa kasi ileile ya gari lenyewe. Jiwe lililonaswa kwenye mifereji ya tairi likichomoka, huruka kuelekea uvunguni kwa kasi inayokaribia hiyo. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, jiwe hutoka kwa takriban mita 22 kwa sekunde. Nishati ya pigo hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo dereva anayeshuka kutoka 80 hadi 40 hupunguza nishati ya kila pigo hadi robo.

Pigo lenyewe huisha upesi mno. Kinachochukua muda ni bati kuendelea kutetema baada ya jiwe kuondoka, kwa kuwa chuma hakina uwezo mkubwa wa kumeza mtetemo wake chenyewe. Bati pana, bapa, lenye unene wa milimita 0.8 hivi, hulia kama debe tupu. Lile lililokunjwa au lililochomelewa karibu na nguzo hulia kidogo. Ndiyo maana kapeti nzito iliyotandikwa juu ya bati lisilotulizwa huleta nafuu ndogo kuliko mwenye gari anavyotarajia: hupunguza sauti iliyokwisha kuingia hewani, huku bati likiendelea kulia chini yake.

Mfano wa Datsun 240Z

Gari linaloonyesha tatizo hili waziwazi ni Datsun 240Z. Nissan ililizindua Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, kisha likauzwa nje kama 240Z likiwa na injini ya lita 2.4 yenye silinda 6. Uzito wake ulikuwa kama tani moja tu. Buti lake halitenganishwi na viti kwa ukuta wowote: minara ya shokapu za nyuma imechomoza ndani ya sehemu ya mizigo, nyuma tu ya mabega ya dereva na abiria wake. Kokoto inayogonga uvungu wa gurudumu la nyuma husikika kana kwamba imegonga kiti.

Afrika Mashariki inalikumbuka gari hili kwa sababu nyingine. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za Safari wakiwa na 240Z, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashika nafasi ya pili katika gari kama hilo. Mwaka 1973 Mehta alishinda mwenyewe. Barabara za changarawe za Safari zilizipiga bodi kwa siku kadhaa mfululizo, lakini katika gari la mashindano kazi ya kwanza ni kulinda tanki, mabomba ya breki na sakafu. Kelele huvumiliwa, na dereva na msaidizi wake huzungumza kupitia vipaza sauti vilivyofungwa kwenye helmeti.

Mwenye gari anayeiga sura ya mashindano kwa matumizi ya kila siku huchukua kelele zote bila helmeti. Tairi la awali la 240Z lilikuwa na upana wa milimita 175 kwenye rimu ya inchi 14, ilhali wanaolibadilisha huweka mara nyingi la milimita 205 hadi 225. Uso mpana huokota mawe mengi zaidi, na raba laini ya matairi ya mwendo kasi huyang'ang'ania kabla ya kuyatupa. Mtindo wa kupanua madigadi kwa vipande vya nje ulipata nguvu kutokana na 240ZG, toleo la Japani la mwaka 1971 lililokuja na mapanuzi ya aina hiyo pamoja na pua ndefu. Ili kupata nafasi ya tairi, baadhi ya mafundi hukata ukingo wa bati la ndani. Mshono usipozibwa vizuri hapo, vumbi, maji na sauti hupata njia moja ya kuingilia. Mapanuzi ya faiba nayo yakigongwa kutoka ndani huonyesha nyufa zenye umbo la nyota kwenye rangi ya nje.

Kutafuta chanzo

Kabla ya kununua chochote, fundi hulipandisha gari kwenye jeki na stendi, huondoa magurudumu na kugonga kila bati kwa kifundo cha kidole. Panapolia kwa mwangwi mrefu huwekwa alama ya chaki. Bati la kukinga joto la bomba la moshi lililolegea, kebo ya breki ya mkono inayopiga sakafu na bushi za poliyurethani zinazopitisha mtetemo wa barabara mara nyingi hudhaniwa kuwa kokoto. Kokoto hupiga bila mpangilio na hupungua mara gari linapoingia kwenye lami safi. Mtetemo wa bushi hubaki hata hapo.

Njia za kupunguza

Kazi hufuata njia ya jiwe: kulizuia lisifike kwenye bati, kulainisha pigo lake, kulituliza bati, na mwisho kuzuia sauti iliyobaki.

Kizuizi cha kwanza ni kifuniko cha uvungu. Kinaweza kukatwa kutoka kwenye kifuniko cha gari jipya au kutengenezwa kwa karatasi nene ya plastiki. Vile vya nyuzi za poliesta zilizoshindiliwa hupunguza kelele vizuri zaidi kwa sababu hupokea jiwe bila kulia, na huzima pia sauti ya maji yanayorushwa na tairi. Kifuniko huachiwa nafasi ndogo kati yake na bati, kwani kikigusana nalo kila mahali hupitisha pigo. Raba nene inayoning'inia nyuma ya gurudumu huzuia mawe yanayoruka kuelekea kizingiti cha mlango na sakafu.

Kisha bati hupakwa kwa nje. Lami ni rahisi kupatikana, ila hukauka na kupasuka. Nta huzuia kutu vizuri na kupenya kwenye mishono, lakini ni laini, nayo huchubuliwa na mawe. Mipako yenye raba au poliyurethani hustahimili mapigo na kulainisha mlio, ikipakwa juu ya bati lililosafishwa kwa brashi ya waya, likapigwa msasa na praima ya epoksi.

Ndani ya gari hubandikwa vipande vya raba ya butili vyenye uso wa alumini. Bati likitetema, raba iliyobanwa kati yake na alumini huvutwa huku na huku na kugeuza mtetemo kuwa joto. Vipande hivyo huwa na uzito wa kilo 2 hadi 4 kwa mita ya mraba, kwa hiyo si lazima kufunika kila sehemu. Kipande kilichowekwa katikati ya bati bapa, kikifunika robo hadi nusu ya eneo lake, huleta sehemu kubwa ya faida. Bati hufutwa mafuta kwanza, na kipande hukandamizwa kwa rola ndogo hadi kisiwe na hewa chini yake.

Baada ya hapo ndipo sponji na kapeti hupata kazi yao. Katika 240Z mahali pa kuanzia ni minara ya shokapu za nyuma, sakafu ya mizigo na mfereji wa shafti.

Hatari za kuepuka

Hatari kubwa ni kutu. Mpako uliowekwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani na kuficha uharibifu hadi bati litoboke. Mashimo ya kutolea maji kwenye vizingiti na sakafu hayapaswi kuzibwa, na sehemu ya chini ya kifuniko huachwa wazi ili matope yatoke. Mpako hauwekwi karibu na bomba la moshi, kwenye viungo vya mabomba ya breki wala kwenye namba ya chesisi. Baadhi ya mipako ya zamani ilikuwa na asbesto, hivyo kuikwangua kikavu bila kuipima ni kuhatarisha mapafu.

Nafasi ya tairi hukaguliwa usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho kila upande na springi ikiwa imekandamizwa. Katika gari lililoshushwa, kifuniko cha milimita chache chaweza kukwaruzwa na tairi kwenye tuta la kwanza.

Kwa magari yanayotafutwa na wakusanyaji, suala la uhalisi nalo huingia. Kifuniko kinachofungwa kwa skrubu kwenye matundu yaliyopo hutolewa bila kuacha alama, na raba ya butili hubanduka ikipashwa joto. Mpako wa poliyurethani hautoki ila kwa kukwanguliwa, na ndiyo maana warekebishaji wengi huutumia pale tu ambapo mpako wa kiwandani umeshapotea.