Hamu ya Kula kwa Kinyonga Aliyehamishiwa Kizimba Kipya

Maana

Kupungua kwa hamu ya kula ni hali ya kinyonga wa kufugwa kula kidogo kuliko ilivyo desturi yake, au kuacha kula kabisa, katika siku za mwanzo baada ya kuhamishiwa kizimba kipya. Si ugonjwa bali ni dalili, na chini ya dalili hiyo hukaa hali tatu zisizofanana: kinyonga asiyetaka kula, asiyeweza kula, na asiyekiona chakula.

Spishi zinazohusika

Kinyonga, ambaye pia huitwa lumbwi, ni wa familia ya Chamaeleonidae yenye spishi zaidi ya 200, karibu nusu yake zikiwa za Madagaska. Mwaka 2006 jina lake la Kiswahili liliingia katika sayansi lilipopewa jenasi Kinyongia, ambayo spishi zake kadhaa huishi katika Milima ya Tao la Mashariki nchini Tanzania. Wanaofugwa sana majumbani ni watatu. Chamaeleo calyptratus, mwenye kishungi kirefu kichwani, asili yake ni Yemeni na kusini-magharibi mwa Saudia. Furcifer pardalis ni wa Madagaska. Trioceros jacksonii, ambaye dume wake ana pembe 3, ni wa nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru nchini Tanzania. Tofauti ya asili ni tofauti ya mahitaji: kizimba chenye joto la kumfaa wa Yemeni humchosha wa milimani.

Aina

Asiyetaka huliona windo asilifuate. Ngozi yake hukolea weusi, mwili huubana ukawa bapa, na mtu akikaribia huzunguka upande wa pili wa tawi. Kinyonga ni mnyama wa upweke anayeishi kwa kutegemea macho. Mahali asipopazoea hupakagua kwanza, na kula huja baadaye.

Asiyeweza hutambulika kwa jaribio lisilotimia. Macho yote mawili hulenga nyenje, kinywa hufunguka kidogo, ncha ya ulimi hutokeza, kisha kinywa hufungwa; au ulimi hurushwa ukaishia njiani. Chanzo huwa ni jeraha la ulimi, jicho lililovimba, au taya lililolainika kwa upungufu wa kalisi. Hali hii haisababishwi na uhamisho wenyewe, ila mara nyingi ndipo inapogunduliwa, kwa kuwa ndipo mnyama anapoangaliwa kwa makini.

Asiyekiona chakula ana njaa. Kizimba kipya aghalabu ni kikubwa na chenye majani mengi kuliko cha zamani. Nyenje hushuka sakafuni na kujificha, naye kinyonga hubaki juu matawini. Bakuli la wadudu likiwekwa karibu na tawi analokalia, ulaji hurudi siku hiyo hiyo.

Visababishi ndani ya kizimba

Joto. Kinyonga hupata joto la mwili kutoka nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ulimi wa kinyonga wa Yemeni hurushwa kwa kasi kubwa hata mwili ukiwa na nyuzi 15 za sentigredi, kwa sababu nguvu yake hutoka katika tishu zilizovutwa kabla na kuachiwa kama manati. Usagaji wa chakula hauna manati: hutegemea joto moja kwa moja. Ndiyo maana mnyama aliye kwenye baridi huweza kunasa windo lakini akakosa hamu ya kuendelea. Mahali pa kuotea joto huwa na nyuzi 29 hadi 32 kwa kinyonga wa Yemeni aliyekomaa, na pungufu kidogo kwa wa milimani, ambaye pia huhitaji usiku wa baridi.

Mwanga. Taa ya mionzi ya urujuanimno humwezesha kutengeneza vitamini D3. Taa ikiwa mbali kuliko ya awali, upungufu hujitokeza polepole, kwa hiyo si kisababishi cha siku za kwanza.

Maji. Kinyonga hulamba matone majanini, na ni nadra kunywa bakulini. Kizimba cha wavu hukauka upesi kuliko cha kioo. Sehemu ngumu ya mkojo ikiwa nyeupe, maji yanatosha. Ikiwa ya manjano iliyokolea, ana kiu, na mwenye kiu hali vizuri.

Faragha. Humo huhesabiwa taswira yake mwenyewe kiooni, kinyonga mwingine anayeonekana, paka, na watu wanaopita juu ya usawa wa macho yake.

Hali zinazofanana nayo

Jike mwenye mayai hupunguza kula siku zinazokaribia kutaga, na wa Yemeni hutaga hata bila dume. Hushuka sakafuni akitafuta pa kuchimba. Kizimba kipya kisipokuwa na chombo cha mchanga wenye unyevu, huweza kuyazuia mayai hadi kufa. Jike wa Trioceros jacksonii hatagi, huzaa watoto hai. Kujivua ngozi nako husimamisha ulaji kwa siku moja au mbili. Kinyonga aliyekomaa, tofauti na mtoto, kwa kawaida halishwi kila siku.

Muda na vipimo

Mkubwa mwenye afya huweza kula kidogo kwa siku kadhaa, pengine hadi wiki mbili. Kwa mtoto, siku mbili au tatu bila chakula ni nyingi. Kipimo cha kuaminika ni mizani ya gramu, uzito ukiandikwa kuanzia siku ya kuhama. Anayekula kidogo huku uzito umesimama, anakunywa, na macho yako wazi mchana, anazoea. Anayepungua uzito, au anayefumba macho mchana, huhesabiwa mgonjwa na hupelekwa kwa daktari wa wanyama, hata kama kizimba kilibadilishwa jana.