Kiwanja cha Collège Alfajiri, Bukavu: shule, mpira na kambi

Collège Alfajiri ni shule ya mapadri Wajesuiti mjini Bukavu, Kivu ya Kusini. Ilianza mwaka 1938, mji ukiitwa bado Costermansville na shule yenyewe Notre-Dame de la Victoire. Miaka ya kwanza ilikuwa ya watoto wa Wazungu, na viwanja vyake vya michezo pia. Jina Alfajiri lilikuja wakati wa Mobutu.

Mwezi wa 7 mwaka 1994, kisha mauaji ya kimbari Rwanda, watu mamia ya maelfu walivuka Ruzizi. Bukavu ikajaa. Walilala barabarani, kwenye parokia, kwenye mashule. Uwanja wa Alfajiri nao ukawa kambi: shitingi, mafiga na moshi pale watoto walipozoea kucheza mpira. Masomo yalikuwa likizo, lakini Septemba haingojeki. Pole pole wakimbizi walihamishwa nje ya mji, Inera na Kashusha, njia ya Kavumu.

Kwa nini shule? Uwanja ni nafasi wazi, na madarasa yana paa. Kwetu Beni na Mangina jambo hili si geni: wakimbizi wa vita wanalala darasani, asubuhi wanakunja mikeka ili watoto wasome.