Kisa cha readline na PostgreSQL

Aliyewahi kukompaili PostgreSQL kutoka kodi chanzo anaujua ujumbe huu: "readline library not found". ./configure imegoma, nawe unaapa kwamba readline imo kwenye mashine. Mara nyingi kweli imo! Kuna libreadline.so.8, lakini kompaila inatafuta libreadline.so na faili za .h, ambazo Debian huziweka katika kifurushi cha pekee, libreadline-dev. Kwa Fedora ni readline-devel.

Haya, hifadhidata inataka nini na maktaba ya kuhariri mstari?

Turudi Berkeley, Marekani. Mradi wa POSTGRES ulianza huko 1986 chini ya Michael Stonebraker, bila SQL. Mwaka 1994 Andrew Yu na Jolly Chen waliiongezea SQL. Toleo hilo, Postgres95, lilikuja na psql, programu ya kuandikia amri kwa mkono, na psql ikatumia readline ya GNU. Seva yenyewe haina haja nayo. Ni psql tu, ili mshale wa juu urudishe amri iliyopita na Tab imalizie jina la jedwali.

Utamu wa kisa uko kwenye leseni. Readline ni GPL, si LGPL, na kwa makusudi. Mwaka 1992 Bruno Haible wa CLISP alibishana na Richard Stallman kuhusu jambo hilo hilo, akaishia kuitoa CLISP chini ya GPL. PostgreSQL ina leseni legevu ya jamii ya BSD, ndiyo maana configure inakubali pia libedit (--with-libedit-preferred).

Mwaka 2011 Debian walibanwa: psql iliunganishwa na OpenSSL, ambayo leseni yake ya wakati huo iligongana na GPL. Wakahamia libedit, watumiaji wakapiga kelele, ikabidi readline ipakiwe kwa mlango wa nyuma psql inapoanza. Ujanja wa wakili huo, si wa fundi! OpenSSL 3.0 ilipotoka 2021 ikiwa na leseni ya Apache, mgongano ulipungua.

Kuna wanaokimbilia --without-readline. Itakompaili, ila utaandika kila amri upya. Mimi husoma config.log kwanza, wakati mwingine anayekosekana ni ncurses, ambayo readline inaitegemea.

Na tangu toleo la 16 la 2023, ICU nayo inadaiwa bila kuombwa. Sakinisha libicu-dev, au tumia --without-icu.